Mwiko Uliopiga Simu

Jumatano moja, saa sita kasorobo mchana, maji ya ugali yakiwa yanatokota na vibarua kumi na tisa wameshakaa kwenye mabenchi na njaa zao, mwiko wa Rosalia, mama lishe wao, ulionekana haupo.

Haukuwa mwiko wa kutafutiwa mbadala. Ulikuwa wa mti wa mninga, mrefu kama mkono wa mtu mzima, kichwa chake kipana kama kiganja cha askofu. Ulitoka Peramiho, mikononi mwa mama yake Rosalia, aliyemkabidhi siku ya harusi akimwambia kwamba mume anaweza kukukimbia lakini mwiko hauendi popote. Kwa miaka ishirini na mitatu hapakutokea ushahidi wa kupinga usemi huo. Sasa mume alikuwepo na mwiko haupo.

"Mama Clara, leo tunasonga kwa mikono?" aliuliza kibarua mmoja.

"Subiri, mwanangu."

"Maana kama ni mikono, mie nitoe kwenye hesabu."

"Tunalo chepeo, mama," alidakia mwingine. "Jipya. Halijagusa zege hata siku moja."

Rosalia alitega sikio. Alikuwa amesikia sauti ya msumeno mdogo nyuma ya nyumba, krii, krii, krii, sauti ya mtu anayekata kitu taratibu ili asisikike. Akaifuata.

Nyuma ya nyumba, juu ya dumu lililolazwa ubavu, alikuwa amekaa mumewe, Leodegar Mapunda, fundi simu mwenye miaka hamsini na mmoja na miwani ambayo mkono wake mmoja ulikuwa wa waya. Mapajani mwake palikuwa na unga mwekundu wa mti. Mkononi alishika kipande cha mninga, ukubwa wa kiberiti, kilichochimbwa katikati kikawa kama mtumbwi wa panya.

"Leodegar," alisema Rosalia. Wakati wa amani alimwita Baba Clara.

"Naam."

"Hicho nini?"

"Hiki?" Leodegar alikitazama kana kwamba naye ndiyo kwanza anakutana nacho. "Hili ni ganda. Ganda la simu."

"Na kabla halijawa ganda la simu lilikuwa nini?"

Leodegar alikuwa mtu mkweli, hasa ushahidi unapokuwa umeshikwa mkononi mwake mwenyewe. "Kichwa cha mwiko," alisema.

Kule mbele kibarua aligonga sahani kwa kijiko. Rosalia alifumba macho, akapumua kwa pua, akafumbua.

"Kitapiga?"

"Kitapiga."

"Leodegar, kisipopiga Jumamosi, nitakusongea wewe."

Akarudi jikoni. Siku hiyo ugali ulisongwa kwa chepeo, na vibarua, watu wanaojua mambo haya, walikiri kwamba ulikuwa na uimara wa msingi wa ghorofa.

Sababu ya Rosalia kutopiga yowe ilikuwa Jumamosi yenyewe. Jumamosi alikuwa anakuja Bwana Allen.

Bwana Allen alikuwa na duka la simu Mbweni, lenye milango ya vioo inayojifungua yenyewe, na alikuwa anatafuta fundi mkuu. Walikwenda watu arobaini na vyeti vyao. Leodegar alikuwa wa thelathini na moja kwenye foleni, na kila aliyemtangulia alipoulizwa anaweza nini alijibu, "Kila kitu, bosi." Leodegar alikuwa amesimama juani kwa saa tatu, na jua likikaa kichwani muda mrefu huanza kuongea lenyewe. Alipoulizwa anaweza nini, likajibu: "Naunda simu."

"Unaunda?" Bwana Allen aliinua macho kwa mara ya kwanza siku ile. "Unamaanisha toka mwanzo?"

"Toka mwanzo."

"Ya kubonyeza?"

"Ya kugusa kioo," lilisema jua. Kisha Leodegar mwenyewe akaamka na kujaribu kupunguza hasara. "Ila ndogo."

"Jumamosi ya wiki ijayo napita huko kwenu Boko," alisema Bwana Allen. "Nitaiona. Ikipiga, kazi ni yako. Isipopiga, tusipotezeane muda tena."

Na Leodegar aliihitaji kazi hiyo kuliko alivyowahi kukiri. Miezi minane sasa, tangu aliyekuwa mwajiri wake ahamie Dodoma na bisibisi zote, alikuwa anaosha vyombo vya biashara ya mkewe. Vibarua walimwita Baba Sahani, kwa mapenzi, na mapenzi ndiyo yaliyouma. Mwezi uliopita katekista alipokuja kujaza daftari la jumuiya, alifika kwenye nafasi ya kazi ya baba wa familia, akafikiri, akawaangalia wote wawili kwa huruma, akaandika: mume.

Kwa faida ya vizazi vijavyo, ni vema simu ile ikaelezwa.

Kioo chake cha kugusa kilinunuliwa Kariakoo, upana wa inchi moja na nusu, kwa pesa ya mchele wa wiki nzima, na ndiyo maana wiki nzima walikula ugali. Sehemu ya kushika laini ilitolewa kwenye kile kifaa ambacho matajiri huficha ndani ya bodaboda ili wajue dereva amelala wapi. Betri ilikuwa ya kasha la spika za masikioni. Bodi iliyokuwa ubongo wa mambo yote ilitoka klabu ya sayansi ya shule ya bweni anakosoma Clara, binti yao wa miaka kumi na saba aliyekuwa likizo. Clara alikuwa ameiazima bila kuisumbua klabu kwa kuiomba.

Clara ndiye aliyeandika programu, kwa kompyuta ya kuazima iliyokosa herufi ya P. Shuleni alikuwa amejifunza fizikia, kompyuta, na namna ya kuzungumza na wakubwa kwa heshima kubwa kiasi kwamba walikuwa hawana uhakika wametukanwa.

Ganda la kwanza halikuwa mwiko. Lilikuwa kopo la dawa ya viatu, dogo, la duara, zuri. Likiwa wazi, simu ilishika mtandao barabara. Ukifunika kifuniko, mtandao unakufa. Leodegar alifunua na kufunika mara kumi na nne.

"Baba, shikamoo," alisema Clara.

"Marahaba. Unaona nashughulika."

"Naona. Ni vile tu kopo ni la bati. Umeifungia laini jela, halafu unashangaa haipokei wageni."

Ndivyo mwiko ulivyoingia kwenye historia ya mawasiliano. Mti haufungi mtandao.

Shida iliyofuata ilikuwa vidole. Tarakimu zilikuwa ndogo kama punje za mtama, na kidole gumba cha Leodegar kilifunika tano kwa mpigo. Simu, kwa kutojua ni ipi iliyokusudiwa, ilijiamulia. Mara mbili ilimpigia fundi bomba mmoja wa Mabibo, na mara ya pili fundi bomba alikuja. Walijaribu kubonyeza kwa njiti ya kiberiti, kioo kikakataa.

"Kinataka kitu chenye maji," alisema Clara. "Kitu kama ngozi ya mtu. Ila chembamba."

Wakahamia jikoni. Karoti ilikubali lakini ilikuwa nene. Ncha ya pilipili ilikubali vizuri sana, hadi Leodegar alipojisahau akajifuta jicho, na utafiti ukasimama nusu saa. Mwishowe ikapatikana bamia mbichi, nyembamba. Ukiishika kwa vidole viwili na kugusa kwa ncha, tarakimu inaitika moja baada ya nyingine kama watoto wanaoitwa majina darasani.

Alhamisi alasiri, kwa mara ya kwanza, simu ilimpata aliyekusudiwa. Leodegar, akiwa nyuma ya nyumba, alimpigia mkewe aliyekuwa jikoni, hatua saba kutoka pale.

"Haloo, nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mumeo."

Rosalia alitoa kichwa dirishani, simu sikioni, akamwona mumewe kwenye dumu, kipande cha mwiko wa mama yake shavuni, macho yamemjaa machozi ambayo safari hii hayakuwa ya pilipili.

"Unasikika," alisema Rosalia kwenye simu, taratibu. Kisha akakohoa. "Haya, kama huna ishu nyingine, sahani zimekaa huku."

Rosalia alikuwa ameweka sharti moja tu: jirani yeyote asiambiwe kwamba kuna kazi inaombwa. Kwao, kazi ambayo haijaanza haitangazwi. Ukiitangaza, inaota mabawa. Kwa hiyo Ijumaa jirani yao Vaileth alipoingia uani, utepe wa kupimia nguo ukiwa shingoni, hakujua lolote.

Vaileth alikuwa fundi cherehani na Mhehe, na Leodegar alikuwa Mngoni. Babu zao walipigana mpaka wakachoka, na walipochoka wakakubaliana watukanane tu, milele, bila kukasirika. Huo ndio utani, na sheria yake ni moja: anayekasirika ndiye aliyeshindwa. Siku ya Pasaka Leodegar alikuwa amempelekea Vaileth kifurushi kizuri chenye utepe, ndani mkiwa na mnyororo wa mbwa, maana Wahehe hutaniwa kwamba wanakula mbwa, na kadi iliyosema "Mlo mwema." Tangu siku hiyo Vaileth alikuwa mtu anayengoja.

"Mkimbizi, hodi humu!"

"Karibu, mateka. Nani kakufungulia?"

"Nimejifungulia. Nyie Wangoni mlikimbia kutoka kwa Wazulu hadi huku, hata komeo hamjajifunza kufunga." Akavuta kigoda, akaketi. "Nasikia kesho mna mgeni. Mwenye gari."

"Mteja tu," alisema Leodegar. "Bwana Allen wa Mbweni. Anakuja kuona hiki kidude."

Vaileth alikaza macho, kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. "Allen? Yule mnene, wa duka la vioo?"

"Ndiye."

"Kumbe humjui! Yule si wa kwetu? Mhehe kabisa, wa Kalenga. Bibi yake na bibi yangu walichota maji kisima kimoja."

"Usinitanie."

"Nikutanie nini? Na nikwambie kitu, Mapunda: mtu yule amechoka na unyenyekevu. Kila anakokwenda ni bosi, bosi. Ukimpokea kwa kuinama ataona umemkana. Mpokee kiutani. Mshushie kabisa."

Hapa hadithi inalazimika kusimama, ivue kofia, na kumwambia msomaji jambo ambalo Leodegar hakuambiwa. Bwana Allen hakuwa Mhehe. Alikuwa Mpare wa Usangi, mzee wa kanisa, mtu ambaye watani wake halali ni Wachaga, na hata hao hawakuthubutu. Vaileth alilijua hilo vizuri, kwa kuwa alimshonea mkewe sare za kwaya. Alichofikiri ni kwamba kesho mteja mmoja atashangaa, simu ya mwiko haitanunuliwa, na mnyororo wa mbwa utakuwa umelipwa. Akaaga na kwenda kwake, ameng'ata utepe ili asicheke njiani.

Usiku ule Leodegar alilala vizuri. Mhehe! Alikuwa anaogopa mtu bure.

Gari lilifika Jumamosi saa nne, vibarua wakiwa kwenye chai. Bwana Allen alishuka kwa awamu. Alivaa shati jeupe lililofungwa vifungo mpaka shingoni, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesoma taarifa ya kamati ya ujenzi wa kanisa.

"Shikamoo," alisema Clara.

"Marahaba."

Rosalia alipiga goti kidogo. "Karibu sana, baba. Karibu kwetu."

Kisha Leodegar akatokea mlangoni, amevaa suruali ya harusi, mikono ameitanua kama mtu anayepokea meli.

"Hatimaye mateka wangu kajileta mwenyewe!" alinguruma. "Karibu, karibu! Usiogope, mbwa wote wa mtaa nimewafungia ndani. Kwa usalama wao!"

Andazi la kibarua mmoja lilisimama nusu ya safari.

"Sijaelewa," alisema Bwana Allen.

Ah, alijisemea Leodegar, huyu ni mtani wa daraja la juu. Uso hauchezi hata kidogo. Akaongeza kuni.

"Utaelewaje, wakati babu zako tuliwafukuza hadi wakajifunza kupanda miti? Kaa, kaa! Rosalia, mpe mgeni kiti, lakini kwanza hesabu viti vyote. Na hiyo meza, Clara, usimwache nayo peke yake. Ina miguu minne, ataitia chumvi!"

"Baba," alinong'ona Clara.

"Niache nimkaribishe ndugu yangu!"

"Bwana Mapunda," alisema Bwana Allen. Hakupandisha sauti. "Mimi ni Mpare. Wa Usangi."

Leodegar alibaki na mikono hewani.

"Na nyumbani nina mbwa wawili," aliendelea Bwana Allen. "Mmoja anaumwa."

Hakuna aliyejua wapi pa kutazama. Vibarua waliangalia ndani ya vikombe vyao kama watu waliodondosha kitu humo. Rosalia alifunika mdomo kwa kanga. Leodegar aliishusha mikono taratibu, mmoja baada ya mwingine, na miezi minane ya sahani ikamrudia yote, na mbele yake akaiona miezi mingine minane, na mingine.

"Pole kwa mbwa," alisema kwa sauti ndogo.

"Nimekuja kuona simu. Nionyeshe, niende zangu."

Leodegar alitoa simu kwenye mfuko mmoja wa shati. Kwenye mfuko mwingine alitoa leso safi, akaifungua, akatoa bamia.

"Hiyo nini?"

"Bamia, bosi."

"Naona ni bamia. Ya nini?"

"Ya kubonyezea."

Bwana Allen aliitazama bamia, akamtazama mwenye bamia. Kisha akataja namba yake, tarakimu moja moja, kama mtu anayesomea marehemu wasifu. Mkono wa Leodegar ulitetemeka na bamia ikatetemeka nao. Simu ikaita. Ikapokelewa.

"Fundi bomba hapa," ilisema simu ya mwiko, kwa sauti iliyofika mpaka mabenchi. "Ni bomba lile lile? Nakuja sasa hivi!"

"Usije!" alipiga kelele Leodegar, akakata.

"Jaribu tena," alisema Bwana Allen.

Safari hii Clara alimshika baba yake kiwiko, kisitetemeke. Bamia ikagusa, ikagusa, ikagusa. Sekunde nane zikapita, kila mtu akizihesabu kivyake, na mfuko wa Bwana Allen ukaanza kuimba wimbo wa dini. Aliitoa simu yake, akaitazama, akapokea. Akatembea mpaka getini, akawageuzia mgongo.

"Unanisikia?"

"Nakusikia, bosi."

"Sema kitu kirefu."

"Kama nini, bosi?"

"Rudia ulichosema kuhusu mbwa."

Vibarua kumi na tisa waliacha kutafuna. "Nilisema, bosi... nilisema mbwa wote wa mtaa nimewafungia ndani. Kwa usalama wao."

"Sauti inakwaruza mwishoni. Nenda nyuma ya nyumba. Rudia."

Leodegar akaenda nyuma ya nyumba. "Mbwa wote wa mtaa nimewafungia ndani, bosi, kwa usalama wao!"

"Afadhali. Sasa ya meza."

"Bosi, nakuomba..."

"Nataka kusikia kama inakatika. Ya meza."

Na mtaa wote ukamsikia Leodegar Mapunda, mtu mzima, baba wa familia, akiiambia bamia na kipande cha mwiko, kwa sauti ya mtu anayeungama, kwamba meza ina miguu minne na mgeni ataitia chumvi. Alirudia mara tatu: akiwa amesimama, akiwa anatembea, na mara ya tatu akiwa ameingia chooni na kufunga mlango, maana Bwana Allen alitaka kujua ukuta wa tofali unapunguza kiasi gani.

Huko kwenye uwazi wa uzio wa mabati, Vaileth alikuwa anacheka kwa machozi, amejishika mbavu. Clara alimfuata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu, ngoja... ngoja nipumue... kaingia mpaka chooni!"

"Ndiyo, mama. Yule si mteja. Baba alikuwa anaomba kazi. Fundi mkuu wa dukani."

Kicheko cha Vaileth kilikatika kama uzi. Alimwangalia Clara, akaangalia mlango wa choo, akavua utepe shingoni kama mtu anayevua cheo. Akazunguka uzio, akaja kusimama mbele ya Bwana Allen.

"Baba, kosa ni langu," alisema. "Nilimdanganya wewe ni Mhehe. Ni utani wetu. Sikujua kuna mkate wa mtu humo."

Leodegar alikuwa ametoka chooni na kusikia yote. Bwana Allen aliwatazama wote wawili, mmoja mmoja.

"Na wewe humkasirikii?"

"Siruhusiwi, bosi."

"Hata kidogo?"

"Ndani naruhusiwa," alisema Leodegar. "Usoni hapana." Na kweli uso wake ulikuwa shwari, isipokuwa shavu moja lililokuwa linacheza lenyewe.

Bwana Allen alinyoosha mkono. Leodegar akampa simu. Yule bwana alichomoa bisibisi nyembamba kama mwiba kutoka kwenye kalamu yake, akafungua mgongo wa mwiko, akainamia ndani. Alikaa hivyo kwa muda. Nyaya zilikuwa nyembamba kama nywele, zimelazwa sambamba, na kila tone la risasi lilikuwa dogo, la duara, linang'aa kama jicho la sisimizi.

"Nani kachomea hapa?"

"Mimi, bosi."

"Kwa mkono?"

"Kwa mkono, na kwa miwani hii."

Bwana Allen aliitazama ile miwani na waya wake. Akafunga simu, akairudisha.

"Mkono wako nautaka," alisema. "Mdomo wako sina pa kuuweka. Dukani kwangu wanakuja wake za mabalozi. Ufundi mkuu sahau. Kuna chumba cha nyuma, hakina dirisha. Ukiingia saa mbili, huonekani mpaka saa kumi na moja."

Leodegar alifungua mdomo ili ashukuru, na Rosalia akamkanyaga mguu.

"Mdomo ataniachia mimi hapa, bosi," alisema Rosalia. "Mikono itafika kwako Jumatatu. Ila samahani, mshahara ni wa mkono mmoja au yote miwili?"

"Yote, mama."

"Basi tumekubaliana."

Gari lilipoondoka vibarua walipiga makofi, na Vaileth akahukumiwa papo hapo, kwa mujibu wa utani, kununua mwiko mpya. Aliuleta jioni. Ulikuwa wa mwembe, mwepesi. Rosalia aliupima mkononi, akasema utafaa kwa uji.

Jumatatu Leodegar alifanya kazi kwa nidhamu ya mtawa. Aliitikia kwa kichwa. Alipotaka bisibisi alinyoosha kidole. Wasichana wa kaunta walidhani bosi ameajiri bubu kwa moyo wa huruma, wakamletea soda. Kufika saa tisa alikuwa ameshafufua simu saba, mbili kati yake zikiwa zimepita chooni.

Saa tisa na robo mlango ukafunguliwa. Bwana Allen aliingia, akaufunga nyuma yake, akahakikisha umefungwa. Akavuta kiti.

"Ile ya meza," alisema.

Leodegar aliweka chini pasi ya kuchomea. Alitikisa kichwa kuonyesha amekwisha tubu.

"Hapana, ongea. Nimeruhusu. Ile ya meza, niliwasimulia nyumbani Jumamosi jioni. Hawakucheka. Nadhani niliianzia mwishoni." Alijikuna kidevu. "Unajua, tangu nifungue duka hili ni miaka tisa. Hakuna aliyenitania. Hata Wachaga. Wananiambia ndiyo bosi, sawa bosi. Juzi ulivyonipokea, nilipofika kwenye gari nilikaa kwanza nicheke. Dereva aliniuliza kama naumwa."

"Pole, bosi."

"Sasa na mimi nimeitunga moja. Ya Wangoni. Nimeifikiria jana yote, hata mahubiri sikuyasikia." Bwana Allen alinyoosha kola ya shati, akakohoa, akasimama, kwani aliona jambo lenyewe linataka kusimama. "Nyie Wangoni," alisema. "Nyie Wangoni... mlitoka mbali sana!"

Akanyamaza. Macho yalikuwa yanamng'aa.

Leodegar alingoja. Ilimchukua muda kuelewa kwamba hakuna kinachofuata, kwamba ile ilikuwa imekwisha, kwamba ndiyo yote. Feni ya ukutani iligeuka upande mmoja, ikarudi. Alimfikiria Rosalia. Alimfikiria Clara, anayerudi shule wiki ijayo na sanduku la kujaza.

Akacheka. Alianza na mabega, akapandisha kifuani, akatupa kichwa nyuma, akapiga meza kwa kiganja hadi skrubu zikaruka. Alivua miwani akajifuta macho. Akasema "Uwii, bosi, umeniua," na akacheka tena kuanzia mwanzo. Simu saba zile, pamoja na mbili za chooni, hakuna iliyomtoa jasho kama lile.

Bwana Allen alifika mlangoni ameridhika, mrefu kidogo kuliko alivyoingia. Akashika kitasa, akageuka.

"Kesho," alisema, "nitakuja na nyingine."